Watu 603,550 jangwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hesabu za Waisraeli

Kitabu cha nne cha Torati tunakiita Hesabu, na wasomaji wengi huruka sura yake ya kwanza kwa sababu imejaa majina na namba. Mimi nimekifundisha kitabu hiki kwa miaka kadhaa, na namba hizo ndizo zinazoniletea maswali mengi kuliko kitu kingine chochote: kutoka kwa vijana wa chuo, kwa wazee wa kanisa, na hata kwa majirani Waislamu. Haya hapa ndiyo yanayonirudia mara nyingi.

Namba yenyewe ni ipi, na imeandikwa wapi?

Kutoka 12:37 inasema wanaume waliotoka Misri kwa miguu walikuwa kama 600,000, mbali na watoto. Hesabu 1 inatoa namba kamili. Wanaume wa miaka 20 na zaidi, wawezao kwenda vitani, walikuwa 603,550, kabila la Lawi likiwa halimo. Yuda ndilo kabila kubwa, lina 74,600. Manase ndilo dogo, lina 32,200. Karibu miaka 40 baadaye, katika nchi tambarare za Moabu, sensa ya pili inapata 601,730 (Hesabu 26). Walawi wanahesabiwa peke yao kuanzia mtoto wa mwezi mmoja: 22,000 mara ya kwanza, 23,000 mara ya pili.

Ukiongeza wanawake, watoto na wasioweza vita, unafika watu milioni 2 hadi milioni 2 na nusu. Ubishi wote unaanzia hapo.

Je, ukijumlisha makabila yote 12, jumla inafika sawa?

Inafika. Nimejumlisha mwenyewe orodha zote mbili, na hakuna hata mtu mmoja anayepotea. Mwandishi aliyetuachia jumla hizi alijua kujumlisha, na jambo hilo litakuwa na uzito mbele.

Kwa nini basi wanahistoria wanasema namba hii haiwezi kuwa idadi halisi ya watu?

Anza na barabara. Chukua watu milioni 2.4, wapange kumi kumi kwa safu, kila safu iache mita moja tu kabla ya inayofuata. Utapata safu 240,000, yaani msafara wa kilomita 240, karibu urefu wote wa njia ya kijeshi ya Wamisri kutoka ukingo wa Delta ya Nile hadi Gaza. Wa mbele angekuwa anaikaribia Kanaani wakati wa nyuma hajaanza kutembea, na hapo hatujaweka ng'ombe, kondoo wala mizigo.

Kisha itazame Misri yenyewe. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu yanaweka watu wote wa Misri, katika karne ya 13 K.K., kwenye takribani milioni 3. Kama milioni 2 na zaidi wangeondoka usiku mmoja, nchi ingebaki mahame, na mashamba na ushuru vingeanguka kwa namna ambayo maandishi ya mafarao waliofuata yasingeweza kuificha. Hatuoni anguko la ukubwa huo.

Halafu yatazame majeshi ya zama zile. Ramesesi wa Pili alipopigana na Wahiti huko Kadeshi, karibu mwaka 1274 K.K., jeshi lake linakadiriwa kuwa na watu kama 20,000, na lilikuwa jeshi la mojawapo ya dola kubwa kabisa za eneo hilo. Karne moja kabla yake, watawala wadogo wa Kanaani walikuwa wakimwandikia farao barua kwenye vigae vya udongo, vile vilivyopatikana Tell el-Amarna mwaka 1887. Abdi-Heba, mtawala wa Yerusalemu, katika barua mojawapo anaomba atumiwe askari 50 wa ulinzi. Hamsini tu, na aliamini kwamba wangemsaidia kushika mji. Jeshi la watu 600,000 mbele ya miji ya namna hiyo lisingehitaji kuzunguka jangwani miaka 40 kwa hofu.

Wanaakiolojia pia wamepita Sinai kwa miongo mingi. Wameona masalia ya wachungaji wachache wa zama mbalimbali, lakini si ya kambi ya mamilioni.

Lakini Biblia inasema waliongezeka mno. Watu 70 hawawezi kufika milioni 2?

Kwa hesabu tupu wanaweza, na nawaomba wanaoipinga namba hii waache kusema kwamba haiwezekani kabisa. Kutoka watu 70 hadi milioni 2 kwa miaka 430 ni ongezeko la kama asilimia 2.4 kwa mwaka. Tanzania, kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, iliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka.

Ugumu ni kwamba sisi tuna chanjo, tuna zahanati na dawa za malaria. Katika ulimwengu wa kale, watoto wengi hawakufika utu uzima, na idadi ya watu iliongezeka kwa sehemu ndogo tu ya asilimia moja kwa mwaka. Ikija njaa au tauni, ilirudi nyuma. Kushika asilimia 2.4 bila kukatika kwa zaidi ya karne nne, tena chini ya utumwa, ni jambo lisilo na mfano. Na miaka yenyewe haina uhakika. Tafsiri ya kale ya Kigiriki na Torati ya Wasamaria zinahesabu ndani ya miaka hiyo 430 muda ambao mababu waliishi Kanaani, kwa hiyo kukaa Misri kunabaki karibu nusu yake. Hapo kasi inayotakiwa inapanda hadi karibu asilimia 4.8.

Kuna pia suala la vizazi. Kutoka 6 inataja Lawi, Kohathi, Amramu, Musa: vizazi vinne. Kohathi alikuwa na wana wanne, lakini katika Hesabu 3:28 wanaume wa ukoo wake ni 8,600, na Musa bado yu hai. Dani anatajwa kuwa na mwana mmoja, Hushimu (Mwanzo 46:23), na kabila lake linatoa wapiganaji 62,700. Wanaoitetea namba hujibu kwamba nasaba za Kiebrania huruka majina, na wana hoja: orodha ya Yoshua katika 1 Mambo ya Nyakati 7 ni ndefu kuliko ya Musa, ingawa watu hawa wawili waliishi pamoja. Hoja hiyo inalegeza ugumu wa vizazi. Ule wa barabara na wa Misri unabaki palepale.

Mbona wakunga walikuwa wawili tu?

Shifra na Pua, Kutoka 1:15. Wengine husema walikuwa wakuu wa chama cha wakunga. Andiko halisemi hivyo. Linavyosomeka, ni jamii ambayo wakunga wawili waliitosha.

Hesabu ya wazaliwa wa kwanza ina shida gani?

Hii ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, kwa sababu haihitaji akiolojia wala barua za farao. Inatoka ndani ya kitabu chenyewe.

Hesabu 3:43 inasema wazaliwa wa kwanza wa kiume wa Israeli yote, tangu mwenye mwezi mmoja, walikuwa 22,273. Sasa, kama wanaume wa miaka 20 na zaidi ni 603,550, ukiongeza wavulana utapata wanaume kama 900,000 au milioni moja. Gawanya kwa 22,273. Kila mzaliwa wa kwanza mmoja ana ndugu zake wa kiume kama 40. Yaani kila mama Mwisraeli alizaa, kwa wastani, wana zaidi ya 40, na mabinti juu yake.

Wapo wanaojibu kwamba waliohesabiwa ni waliozaliwa baada ya usiku wa Pasaka tu. Si jibu la kipuuzi, kwa sababu amri ya kuwatakasa wazaliwa wa kwanza ilitolewa wakati ule. Lakini mstari unasema wazaliwa wa kwanza wote wa kiume, tangu mwezi mmoja na zaidi, na haukuweka mpaka mwingine. Anayeusoma hivyo anaongeza neno ili namba ikae.

Biblia yenyewe inawahi kuwaita Waisraeli wachache?

Mara nyingi. Kumbukumbu la Torati 7:7 inawaambia kwamba Bwana hakuwachagua kwa wingi wao, kwani walikuwa wachache kuliko mataifa yote, na mstari wa kwanza wa sura hiyo unataja mataifa saba makubwa kuwazidi. Kutoka 23:29-30 inasema wenyeji wa Kanaani wataondolewa kidogo kidogo, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwituni wakazidi, mpaka Israeli waongezeke na kuirithi. Watu milioni 2 na nusu katika nchi ndogo vile wasingewaogopa wanyama.

Yoshua 7 inanigusa zaidi. Israeli wanatuma watu kama 3,000 kuupiga Ai, wanashindwa, wanauawa 36, na mioyo ya watu inayeyuka kama maji. Yoshua anararua mavazi yake na kuanguka kifudifudi mpaka jioni. Vifo 36 vinaweza kuuvunja moyo wa watu wanaojuana kwa majina. Wimbo wa Debora, unaohesabiwa kati ya maandishi ya kale kabisa ya Biblia, unataja watu 40,000 katika Israeli (Waamuzi 5:8). Na kabila la Dani, lililokuwa na 64,400 katika sensa ya pili, linapokwenda kutafuta makao kaskazini linatoa watu 600 wenye silaha (Waamuzi 18).

Nimesikia kwamba neno "elfu" lina maana nyingine. Ni kweli?

Ni kweli, na msomaji wa Kiswahili yuko karibu na jambo hili kuliko wengi. Neno letu elfu tulilipata kwa Kiarabu, alf. Kiebrania kina elef. Haya ni maneno ya ukoo mmoja. Lakini katika Kiebrania elef halina maana ya 1,000 peke yake. Gideoni anapojitetea kwamba jamaa yake ndiyo maskini katika Manase (Waamuzi 6:15), neno lililoko kwenye Kiebrania ni elef. Kila Krismasi husomwa Mika 5:2, na Biblia yetu ya Muungano imelihifadhi neno lenyewe: Bethlehemu mdogo miongoni mwa "elfu za Yuda". Hapo elfu ni koo. Konsonanti zilezile ndizo zinazoandika neno la mkuu wa ukoo, wale ambao Mwanzo 36 inawaita majumbe wa Edomu.

Mwaka 1906 mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie, baada ya kufanya kazi Sinai, alipendekeza tusome orodha hizo upya. Reubeni si 46,500, bali ni elef 46, watu 500. Kwake elef ilikuwa hema, kaya. George Mendenhall mwaka 1958 alisema ni kikosi ambacho kila ukoo ulitoa kwa vita. Ukisoma hivyo sensa ya kwanza inakuwa vikosi 598 vyenye watu 5,550, na ya pili vikosi 596 vyenye watu 5,730. Mwaka 1998 Colin Humphreys, mwanafizikia wa Cambridge, akarudia hesabu hiyo kwa njia yake na kupata taifa zima la watu kama 20,000.

Kuna kitu cha kuunga mkono ambacho unaweza kukihakiki kwa kalamu. Tazama mamia katika namba zote 24 za orodha mbili: 500, 300, 650, 600, 400 na kuendelea. Hakuna iliyo chini ya 200, hakuna inayofika 800. Namba za kawaida zingetawanyika kuanzia sifuri hadi mia tisa. Hizi zimejikusanya kana kwamba mamia ni hesabu inayojitegemea.

Basi si tumemaliza? Elfu ni ukoo, na tatizo limekwisha.

Ningependa iwe hivyo. Nilipokutana na maelezo haya mara ya kwanza niliyafundisha kama jibu la mwisho, na baadaye nilirudi kwa wanafunzi walewale kuwaambia kwamba niliharakisha.

Kutoka 38:25-26 inasimulia fedha ya hema ya kukutania. Kila mwanaume aliyehesabiwa alitoa beka moja, yaani nusu shekeli. Fedha iliyopatikana ni talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo jumla ni shekeli 301,775. Zidisha kwa mbili: 603,550. Aliyeandika mistari hiyo aliielewa elef kuwa 1,000 kamili, na alipiga hesabu yake mpaka beka ya mwisho. Huwezi kumwambia alikusudia hema.

Ugumu wa pili ni kwamba vikosi havilingani. Simeoni kwa kusoma hivi ana vikosi 59 vya watu 300, yaani watu watano kwa kikosi. Gadi ana vikosi 45 vya watu 650, yaani 14. Inawezekana, kwa sababu koo hazilingani, lakini si nadhifu kama wanaoipenda nadharia hii wanavyoieleza.

Je, wapo Waislamu waliolijadili swali hili?

Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliliweka karibu na mwanzo wa Muqaddima yake, aliyoimaliza mwaka 1377. Anamchukua al-Masudi na wanahistoria wengine waliosimulia kwamba Musa aliwahesabu Waisraeli jangwani wakawa 600,000 na zaidi, na anakataa. Jeshi kubwa namna hiyo, anasema, haliwezi kupangwa wala kupigana, kwa kuwa upande mmoja hautajua kinachotokea upande wa pili. Wafursi, yaani Waajemi, waliokuwa na dola kubwa kuliko Waisraeli, walikuja kwenye vita vya Qadisiya na jeshi la 120,000. Na kati ya Yakobo na Musa vizazi ni vichache mno kuweza kuzaa umati huo. Kwake hilo ni somo kwa kila mwanahistoria: habari haipokelewi kwa sababu ya msimulizi peke yake, lazima ipimwe kwa hali ya jamii za watu. Aliandika hayo karne kadhaa kabla ya wasomi wa Ulaya kuanza kugombana juu ya namba ileile.

Qurani haitoi idadi ya waliotoka na Musa. Katika sura ya 26, aya ya 54, Firauni ndiye anayewaita kikundi kidogo, na wafasiri wamejadili kama yalikuwa maneno ya dharau au maelezo ya hali.

Na kwa upande wa Wakristo, nani alilivalia njuga?

Wapo wengi, lakini nitamtaja John William Colenso, kwa sababu hadithi yake ni ya Afrika. Alikuwa askofu wa Kianglikana wa Natal, na kabla ya hapo mwalimu wa hisabati ambaye vitabu vyake vya hesabu vilitumika sana shuleni Uingereza. Akiwa Natal alifanya kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kizulu pamoja na William Ngidi. Walipofika kwenye gharika, Ngidi akamuuliza kama yote yale ni kweli. Colenso mwenyewe aliandika kwamba swali lile lilimkamata, kwa kuwa hakuweza kumjibu mwenzake kwa uongo katika jina la Mungu.

Mwaka 1862 akaanza kutoa kitabu chake juu ya Torati, chenye kurasa nyingi za hesabu hizi hizi: ua wa hema wa dhiraa 100 kwa 50, mkusanyiko wote ulioitwa mlangoni, wazaliwa wa kwanza, na mengineyo. Mwaka 1863 askofu wa Cape Town, Robert Gray, alimhukumu kwa uzushi na kumvua uaskofu. Mwaka 1865 baraza la kifalme huko London likasema Gray hakuwa na mamlaka hayo. Colenso alibaki Natal hadi kufa kwake mwaka 1883, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuwatetea Wazulu mbele ya serikali ya kikoloni. Watu humtaja kama mfano wa mtu aliyepoteza imani kwa sababu ya namba. Maisha yake hayaoneshi hivyo.

Sensa ya Daudi nayo ina namba mbili. Ipi ni sahihi?

2 Samweli 24:9 inasema Israeli 800,000 na Yuda 500,000. 1 Mambo ya Nyakati 21:5 inasema Israeli 1,100,000 na Yuda 470,000. Sensa ni ileile, aliyehesabu ni yuleyule Yoabu. Kuna waliojaribu kuzipatanisha kwa kusema kitabu kimoja kiliongeza askari wa kudumu na kingine hakikuongeza, andiko halisemi. Kama wanajeshi peke yao walikuwa zaidi ya milioni moja, nchi ilikuwa na watu milioni 5 au zaidi, na hapo ardhi yenyewe inakataa, kama utakavyoona chini.

Kuna makosa ya kunakili tu, yasiyo na jambo kubwa nyuma yake?

Yapo, na yanaonekana kwa macho. 2 Samweli 10:18 ina watu wa magari 700. 1 Mambo ya Nyakati 19:18 ina 7,000. Mabanda ya farasi wa Sulemani ni 40,000 katika 1 Wafalme 4:26 na 4,000 katika 2 Mambo ya Nyakati 9:25. Watu wa Beth-shemeshi waliokufa katika 1 Samweli 6:19 ni 70 pamoja na 50,000, maneno yakiwa yamekaa vibaya hata kwa Kiebrania. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasema 70 tu.

Walawi ni mfano mzuri zaidi. Koo zao tatu ni 7,500, 8,600 na 6,200. Jumla yake ni 22,300, lakini Hesabu 3:39 inasema 22,000. Katika Kiebrania sita na tatu hutofautiana kwa herufi moja, na baadhi ya nakala za Kigiriki zina 8,300 kwa Wakohathi. Weka hiyo, na jumla inakaa sawa. Mwandishi hakukosea kujumlisha. Mnakili ameangusha herufi.

Ezra 2 na Nehemia 7 zina orodha moja ya waliorudi kutoka Babeli. Wana wa Ara ni 775 kwa Ezra, 652 kwa Nehemia. Wana wa Azgadi ni 1,222 na 2,322. Zote mbili zinamaliza kwa jumla ya 42,360, na ukijumlisha majina yaliyomo hakuna orodha inayoifikia.

Watu wengine wa kale walihesabu vizuri zaidi?

Hapana. Senakeribu wa Ashuru alijisifu kwamba mwaka 701 K.K. aliteka miji 46 ya Yuda yenye kuta na kuwatoa humo watu 200,150. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, anampa mfalme wa Uajemi, Ahasuero (Xerxes), jeshi na watumishi jumla 5,283,220. Namba kubwa katika maandishi ya kifalme ilikuwa lugha ya utukufu, na wasikilizaji waliizoea, kama sisi tunavyozoea majigambo. 2 Mambo ya Nyakati 14 inapompa Zera Mkushi jeshi la watu milioni moja na magari 300 pekee, inazungumza lugha hiyo.

Kuna namba katika Biblia ambazo wanahistoria wanaziamini?

Zipo, na inasikitisha kwamba hazitajwi. Yeremia 52:28-30 inataja waliohamishwa Babeli kwa mafungu matatu: 3,023, kisha 832, kisha 745. Jumla 4,600, na jumla hiyo ni sahihi. Namba hizo ndogo, zisizo na mviringo, zinasomeka kama zimetoka kwenye daftari la karani. Menahemu alipomlipa mfalme wa Ashuru talanta 1,000, kila tajiri akitoa shekeli 50 (2 Wafalme 15), maana yake walikuwa wachangiaji 60,000. Hesabu hiyo inakubalika kwa ufalme wa wakati ule, na Menahemu wa Samaria anatajwa kweli katika orodha za kodi za Tiglath-pileseri wa Tatu. Hata Ninawi ya Yona, yenye watu 120,000, haiko mbali na uwezo wa mji ambao kuta zake zilizunguka kilomita kama 12.

Akiolojia inasema Waisraeli wa kwanza walikuwa wangapi?

Njia inayotumika ni kupima ukubwa wa kila kijiji cha kale kwa hekta na kuzidisha kwa idadi ya watu wanaoweza kuishi katika hekta moja. Si njia kamilifu, lakini haina upendeleo wa dini. Israel Finkelstein na wenzake walipopita vilima vya katikati ya nchi, walipata vijiji vidogo kama 250 vya mwanzo wa Zama za Chuma, na wakakadiria watu kama 45,000 kufikia mwaka 1000 K.K. Kwa karne ya 8 K.K., nchi yote magharibi ya Yordani, Wafilisti wakiwemo, makadirio ya Finkelstein na Magen Broshi ni karibu 400,000. Hicho ndicho kilele chake kabla ya Waashuri.

Na kwamba watu waitwao Israeli walikuwepo si jambo la kubishania. Nguzo ya Farao Merneptah, ya karibu mwaka 1208 K.K., inawataja kwa jina.

Mungu hawezi kuwalisha milioni 2 kwa muujiza?

Anayeamini mana anaamini pia kwamba ingewatosha wote. Sina neno juu ya hilo. Lakini swali la idadi si swali la uwezo wa Mungu. Sensa ni kazi ya binadamu: wakuu 12 walisimama na kuhesabu wanaume, kichwa kwa kichwa. Na muujiza hauondoi ile hesabu ya wazaliwa wa kwanza, kwa sababu andiko halisemi popote kwamba kila mama alizaa wana 40.

Wewe mwenyewe unaonaje?

Naona kulikuwa na orodha za kale za koo na wapiganaji wao, ambamo elef ilimaanisha ukoo au kikosi. Baadaye, watu walipokuwa wamesahau matumizi hayo, mwandishi mwaminifu alizijumlisha kama maelfu, akapata 603,550, na kutokana na jumla hiyo hesabu ya fedha ya hema ikaandikwa. Hivyo naweza kueleza mamia yaliyojikusanya na beka zinazolingana kwa pamoja. Sidai kwamba nimethibitisha. Wenzangu ninaowaheshimu wanasema namba zilikuwa za utukufu tangu mwanzo, na wengine wanaishikilia 603,550 kama ilivyo.

Ninachokataa ni kuwaambia vijana kwamba kuuliza ni dhambi. Nimeona kijana aliyekatazwa kuuliza darasani akaenda kujibiwa na watu wasioipenda Biblia hata kidogo, na hakurudi.

Nikitaka kuhakiki mwenyewe, nianzie wapi?

Chora mistari miwili kwenye karatasi. Upande mmoja andika makabila ya Hesabu 1, upande wa pili ya Hesabu 26, na katikati andika tofauti. Utaona Manase ameongezeka kwa 20,500. Utaona Simeoni ameanguka kutoka 59,300 hadi 22,200; hakuna kabila lingine lililopungua kiasi hicho. Sasa rudi sura moja nyuma, Hesabu 25: tauni ya Peori, watu 24,000 wanakufa, na kiongozi anayeuawa kwa mkuki hemani ni Zimri, mkuu wa nyumba mojawapo ya Wasimeoni. Kisha fungua Kumbukumbu la Torati 33, Musa anapoyabariki makabila kabla ya kufa, ulitafute jina la Simeoni. Halimo.